WILLIAM CURTIS: Magugu yalimlia pesa, maua yakamrudishia

Hebu nikuulize kitu kabla hujaendelea kuskroli. Kuna ile kazi unayoipenda kwa moyo wote, ile unayokesha ukiifanya, na ukishaimaliza watu kumi ndio wanaijali, wawili kati yao wakiwa mama yako na binamu yako. Halafu kuna kile kibarua kidogo ulichokifanya ukiwa umechoka, bila kuwaza sana, na ndicho kinacholipa kodi ya nyumba. Utafanyaje? Utashikilia ile ya kwanza hadi landilodi akuwekee kufuli mlangoni? Ama utaitupa, ufuate pesa, halafu ujione msaliti kila ukijitazama kwenye kioo?

Mimi swali hili linanihusu. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili. Karo ilikuwa sababu moja, ukaidi wangu ukawa ya pili. Tangu siku hiyo nakula kwa kuandika. Kazi ninayojivunia zaidi ni makala ya sehemu tatu kuhusu ndege wanaoishi kwenye kinamasi kilicho nyuma ya mtaa wetu. Nilitumia wiki sita, viatu viwili vikaharibika, na sikupata hata ya chapati. Kilichonilipia kodi mwezi ule ni maelezo mafupi mafupi niliyomwandikia mama mmoja anayeuza miche ya maua kando ya barabara. Hili linataka jua, hili linataka kivuli, hili usilimwagilie kila siku. Basi. Nilipokea pesa nikiwa nimenuna. Nilihisi nimejiuza.

Ni katika siku hizo za kununa ndipo nikakutana na maisha ya jamaa mmoja Mwingereza aliyekufa mwaka 1799. Anaitwa William Curtis. Wapenda mimea duniani kote wanalijua jina lake kwa sababu liko juu ya jarida la maua alilolianzisha mwaka 1787, na amini usiamini, jarida hilo bado linatoka hadi leo. Lakini wengi hawajui kwamba jarida lenyewe halikuwa ndoto yake. Ndoto yake ilikuwa kitu kingine kabisa, na kilikuwa karibu kumfilisi. Keti nikusimulie.

Mwalimu wake alikuwa mtunza farasi

Curtis alizaliwa Januari 1746 katika mji mdogo wa Alton, kusini mwa Uingereza. Baba yake alitengeneza ngozi. Familia ilikuwa ya dhehebu la Quaker, hawa ambao huku kwetu tunawaita Friends, wenye waumini wengi kule Kaimosi na Vihiga. Babu yake alikuwa mtu wa dawa, yaani mwenye duka la kuchanganya dawa na kutibu wagonjwa. Kijana alipofikisha miaka 14, akapelekwa kwa babu kujifunza kazi. Ndivyo vijana wengi walivyopata ujuzi enzi hizo. Hakuna cha kusubiri matokeo ya mtihani.

Sasa kumbuka kwamba dawa nyingi wakati huo zilitokana na majani, mizizi na magome. Muuza dawa asiyetofautisha mmea mmoja na mwingine angeweza kumuua mgonjwa mchana kweupe. Kwa hiyo kujua mimea ilikuwa sehemu ya kazi. Lakini aliyemwasha Curtis moto hakuwa babu yake. Jirani na nyumba ya babu kulikuwa na nyumba ya wageni iliyoitwa Crown, na pale palikuwa na mtunza farasi kwa jina John Lagg. Kazi ya Lagg ilikuwa kuwapokea farasi wa wasafiri, kuwalisha na kuwasugua. Mtu wa zizini, hakuwa na elimu ya kujivunia. Ila alikuwa amevisoma vile vitabu vikubwa vya zamani vya mitishamba, cha Gerard na cha Parkinson, akavisoma tena, hadi akawa anaitambua mimea ya pande zile vizuri kuliko wengi waliojiita wasomi.

Ni huyu Lagg aliyemfanya Curtis aanze kuangalia chini alipotembea. Nataka ulishike hilo, msomaji, kwa sababu baadaye utaona limerudi. Mtu ambaye jina lake lingekuwa juu ya jarida la sayansi kwa zaidi ya miaka 200 alifunguliwa macho na jamaa aliyenuka farasi.

London, dukani, na macho yako nje

Alipofika miaka 20 hivi, Curtis alihamia London. Alifanya kazi chini ya watu wa dawa, kisha akalichukua duka la bosi wake mmoja kwenye mtaa wa Gracechurch, katikati kabisa ya mji. Hapo ungesema kijana ameomoka. Duka lako mwenyewe jijini ukiwa bado kijana, unataka nini tena?

Tatizo ni kwamba mwenye duka hakuwa dukani. Mawazo yake yalikuwa kwenye mabonde na mitaro nje ya mji, akifuata mimea na wadudu. Mwaka 1771 alichapisha kijitabu cha kuwafundisha watu jinsi ya kukusanya wadudu na kuwahifadhi. Mwaka uliofuata akatafsiri kutoka Kilatini kazi ya Linnaeus, yule Mswidi aliyeipa dunia utaratibu wa kuviita viumbe kwa majina mawili mawili, juu ya misingi ya elimu ya wadudu. Biashara ya dawa ikazidi kuwa kero. Akamwingiza mshirika, na mwishowe akaiuza. Aliacha kazi yenye mshahara wa uhakika ili afuate majani. Wazazi wengi wa Kiafrika hapa wangeitisha kikao cha ukoo.

Mwaka 1773 alipata nafasi katika bustani ya mimea ya dawa ya Chelsea, iliyokuwa mali ya chama cha watu wa dawa. Kazi yake ilikuwa kuwaonyesha wanagenzi mimea, kuwapeleka matembezi nje ya mji na kuwafundisha kuitambua pale pale inapoota. Aliifanya hadi mwaka 1777, akajiuzulu. Kwani kuna kitu kikubwa zaidi kilichokuwa kinamla muda, pesa na usingizi.

Ndoto yenyewe

Kitu hicho kiliitwa Flora Londinensis. Curtis aliamua kuchora na kueleza kila mmea wa mwituni unaoota ndani ya maili kumi, yaani kilomita 16 hivi, kutoka London. Kila mmea. Si maua ya bustani za matajiri. Hapana. Majani ya kando ya barabara, nyasi za malishoni, vitu vinavyoota kwenye nyufa za ukuta. Wewe na mimi tungeyaita magugu tukayapita.

Na hakutaka kuyachora kishingo upande. Kurasa zilikuwa kubwa, na mmea ulichorwa kwa ukubwa wake halisi kila ilipowezekana. Aliajiri wachoraji wazuri, miongoni mwao William Kilburn na baadaye James Sowerby. Kila picha ilichongwa kwanza kwenye bamba la shaba, ikapigwa chapa kwa wino mweusi, kisha mtu akaketi na brashi akaipaka rangi kwa mkono. Vipande vilianza kutoka mwaka 1775, na wanunuzi wakawa wanajiandikisha kuvipokea kidogo kidogo. Bwana mkubwa mmoja, Lord Bute, aliyewahi kuwa waziri mkuu wa Uingereza na aliyependa mimea kupindukia, alikuwa mfadhili wake, na kazi ikatolewa kwa heshima yake.

Wasomi waliisifu. Na kweli ilistahili. Lakini sifa hazinunui karatasi. Walioinunua kazi ile walikuwa kama 300 tu. Hesabu ni rahisi hata kwa sisi tulioacha chuo. Unawalipa wachoraji, unawalipa wachongaji, unalipa shaba, karatasi na wapaka rangi, halafu wanunuzi ni 300. Kila kipande kipya kikawa kinachimba shimo zaidi.

Kwa nini watu hawakununua? Naona jibu ni hili. Tajiri wa London aliyekuwa na pesa za kununua kitabu kikubwa chenye picha alitaka kuona kitu ambacho hana. Curtis alimletea picha ya kile kilichoota nyuma ya zizi lake. Mtu haambiwi alipe pesa nyingi kwa kitu anachokikanyaga kila siku, hata kama hajawahi kukitazama. Curtis alitaka kuwafanya watazame. Wao hawakuwa wameomba.

Si ndivyo ilivyokuwa kwa ndege wangu wa kinamasi?

Mwaka wa viwavi

Kabla hatujafika kwenye jarida, kuna kisa cha mwaka 1782 ambacho lazima nikupe, maana kinaonyesha Curtis alikuwa mtu wa aina gani.

Mwaka huo, maeneo ya kandokando ya London yalivamiwa na viwavi wa nondo mmoja mwenye mkia wa kahawia. Miti na nyua za mimea zilifunikwa na viota vyao vyeupe kama pamba. Watu wakaingiwa na hofu. Uvumi ukaenea kwamba balaa limefika, kwamba wadudu hawa watamaliza kila kitu cha kijani, baadaye ije njaa, kisha tauni. Makanisani watu waliomba waokolewe. Maskini walilipwa shilingi moja kwa kila kipimo cha viwavi walichokusanya, kipimo kinachokaribia madebe mawili ya huku kwetu, na viwavi wakachomwa mbele ya wakuu wa parokia. Wewe uliyeona viwavijeshi wakitembea kwenye mahindi unaijua hofu hiyo.

Curtis alifanya kile alichofundishwa na mtunza farasi. Aliinama akaangalia. Akafuatilia maisha ya mdudu huyo tangu yai hadi nondo, akaandika kijitabu na kuwaeleza watu kwa lugha nyepesi. Mdudu huyu si mgeni, amekuwepo siku zote. Anakula majani ya miti na vichaka fulani tu, hagusi nyasi wala nafaka. Mti uliopukutishwa utachipua tena. Njaa haiji.

Hakuwa ameandika kwa ajili ya wasomi 300. Aliandika kwa ajili ya mtu aliyeogopa. Nadhani hapo ndipo alionja kwa mara ya kwanza jinsi inavyokuwa unapojibu swali ambalo watu wanalo tayari mdomoni.

Waliokuja bustanini

Wakati huo Curtis alikuwa na bustani yake mwenyewe. Aliifungua mwaka 1779 eneo la Lambeth, ng'ambo ya mto Thames. Watu walilipa kiingilio cha mwaka mzima, wakapata ruhusa ya kutembea humo, na waliolipa zaidi walipata pia mbegu na mizizi. Mimea ilipangwa kwa matumizi. Huku ya dawa, kule ya jikoni, kule ya shambani, na upande mwingine ile yenye sumu ili watu wasije wakajiua kwa kutojua. Moshi wa London uliiandama mimea hiyo hadi mwaka 1789 akalazimika kuihamishia Brompton, mahali palipokuwa bado na hewa safi.

Basi waliokuja pale, mabibi wenye bustani, mabwana na watunza bustani wao, walikuwa na maswali. Hawakuuliza kuhusu magugu. Waliuliza kuhusu maua mapya yaliyokuwa yakishuka melini kutoka kila pembe ya dunia. Meli zilileta mimea kutoka Amerika, kutoka Rasi ya Tumaini Jema kule kusini mwa Afrika, kutoka Asia. Mtu ananunua mche kwa bei ya juu, anaupanda, unakufa. Anataka kujua unaitwaje, umetoka wapi, unataka jua au kivuli, ufunikwe wakati wa baridi au uachwe. Wakawa wanamsumbua Curtis kila mara, mbona huandiki kitu juu ya hayo?

Mwishowe akakubali. Tarehe 1 Februari 1787 likatoka toleo la kwanza la The Botanical Magazine. Lilikuwa dogo, la kushikika mkononi, tofauti kabisa na zile kurasa kubwa za Flora. Kila mwezi picha tatu zilizopakwa rangi, na kando yake maelezo. Jina la mmea, nafasi yake katika utaratibu wa Linnaeus, asili yake, na namna bora ya kuutunza. Picha ya kwanza kabisa ilikuwa ya ua dogo kutoka Uajemi, Iris persica. Bei ilikuwa shilingi moja. Kibarua wa shambani angeona ni pesa nyingi, lakini kwa mwalimu, mke wa mfanyabiashara au mtunza bustani wa nyumba kubwa, ilikuwa bei ya kufikika.

Na tazama alichofanya kwenye jalada. Alisema wazi kwamba jarida ni la wanawake, wanaume na watunza bustani wanaotaka kuijua kisayansi mimea wanayoipanda. Wanawake aliwataja kwanza. Wakati huo hakuna chuo kikuu cha Uingereza kilichompokea mwanamke. Na watunza bustani, watu wa jembe na mikono michafu, akawaweka mstari mmoja na mabwana. Hapo ndipo ninapomwona John Lagg amesimama nyuma ya mlango, ameshika hatamu.

Nakala 3,000 zikauzika. Kutoka wanunuzi 300 hadi 3,000, mtu yule yule, mchoraji yule yule kwa sehemu kubwa, elimu ile ile. Curtis mwenyewe inasemekana alikuwa akitania kwamba kazi moja ilimletea sifa na nyingine ikamletea chakula mezani.

Brashi kwa brashi

Usidhani lakini kwamba alitupa tu kitu sokoni kwa sababu kinauzika. Hebu piga hesabu nami. Picha tatu kwa kila nakala, nakala 3,000. Hizo ni picha 9,000 kila mwezi, na hakuna mashine ya kuchapa rangi. Bamba la shaba lilitoa mistari tu. Rangi iliwekwa kwa mkono, karatasi baada ya karatasi, na kikosi cha wapaka rangi kama 30 waliofuata mfano ulioidhinishwa. Petali ya samawati lazima iwe samawati ile ile kwenye nakala ya kwanza na ya mwisho. Na mwezi ujao waanze upya na maua mengine.

Utaratibu huo wa kupaka rangi kwa mkono uliendelea hadi mwaka 1948. Nimeisoma tarehe hiyo mara mbili nikidhani nimekosea. Vita viwili vya dunia vimepita, ndege za jeti zimeshaanza kuruka, na bado kuna mtu ameketi mahali anapaka ua rangi kwa brashi kwa sababu jarida la Curtis linataka hivyo.

Kuhusu wachoraji, kuna mmoja lazima nikutajie. Kule Abergavenny, nchini Wales, kulikuwa na mvulana aliyeitwa Sydenham Edwards, mtoto wa mwalimu. Akiwa na miaka 11 hivi alikuwa akijifurahisha kwa kunakili picha za Flora Londinensis. Rafiki mmoja wa Curtis alipita huko mwaka 1779, akaziona, akamweleza Curtis. Curtis akamleta mvulana London na kumfundisha mwenyewe kuchora mimea. Edwards akaja kuwa nguzo ya jarida. Hadi alipoliacha mwaka 1815 alikuwa amelichorea picha zaidi ya 1,700.

Sasa unganisha. Ile kazi iliyoshindwa sokoni, ile ya magugu, ndiyo iliyomfikia mtoto mashambani Wales na kumpatia Curtis mchoraji aliyelibeba jarida. Wanunuzi 300 walikuwa wachache, ndio. Lakini nakala mojawapo iliangukia pale ilipohitajika. Siku ile niliposoma hili niliacha kuwahesabu waliosoma ndege wangu.

Hakuichagua moja

Hapa ndipo watu huisimulia hadithi hii vibaya. Huwa inasemwa kwamba Curtis aliachana na ndoto akafuata soko, akafanikiwa, mwisho. Sivyo. Jarida lilipoanza kumlipa, hakuizika Flora. Vipande viliendelea kutoka, polepole, kwa kusitasita, kimoja kikimaliza muda mrefu kabla ya kingine. Cha mwisho kilitoka mwaka 1798. Hiyo ni miaka 11 tangu jarida lianze, na mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Zaidi ya picha 400 zilikuwa zimetoka.

Hakuikamilisha. Na mimi sitakudanganya kwamba alifika pale alipopanga kufika. Mimea ya maili kumi haikuisha. Afya yake ilidhoofika, na tarehe 7 Julai 1799 alifariki kule Brompton akiwa na miaka 53. Alizikwa kwenye kanisa la Battersea, kando ya mto Thames, na leo kanisani humo kuna dirisha la vioo vya rangi la kumkumbuka.

Wenzake walikuwa wamemheshimu alipokuwa hai. Mwaka 1788 Chama cha Linnaeus kilipoundwa London, alikuwa miongoni mwa wanachama wa mwanzo. Lakini yeye alibaki mtu wa bustani na wateja, si mtu wa kuketi na mabwana.

Baada yake jarida lilichukuliwa na daktari John Sims, ambaye alibandika jina la mwanzilishi juu yake, likawa Curtis's Botanical Magazine. Baadaye likaenda kwa William Jackson Hooker, kisha mwanawe Joseph Hooker, waliokuwa wakuu wa bustani ya Kew. Hadi leo liko chini ya Kew.

Na sisi tumo humo

Kama unadhani haya ni mambo ya Wazungu tu, ngoja. Meli hazikuleta maua kutoka Uajemi na Amerika peke yake. Mwaka 1882 jarida hilo lilichapisha picha ya ua lililotoka pwani yetu. Lilipelekwa Uingereza na John Kirk, balozi wa Uingereza kule Zanzibar, na Joseph Hooker akaliita Impatiens sultani kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Ni lile ua dogo la waridi, jekundu au jeupe linalochanua kivulini bila kuchoka, ambalo vidonge vyake vya mbegu ukivigusa vinapasuka kidoleni. Wataalamu siku hizi wanaliita Impatiens walleriana. Nenda kwenye kitalu chochote cha kando ya barabara hapa Nairobi utalipata kwenye makopo meusi ya plastiki.

Mwaka 1895 likafuata lingine, Saintpaulia, lile lenye majani ya manyoya laini na maua ya zambarau. Mjerumani mmoja aliyekuwa mtawala upande wa Tanga alilikuta milima ya Usambara na kupeleka habari zake Ulaya. Leo linawekwa dirishani katika nyumba za mamilioni ya watu duniani. Ndugu zake wa porini bado wako Usambara, na wengine hata huku kwetu Kilifi, karibu na Kaloleni, wakining'inia kwenye mawe ndani ya misitu midogo inayozidi kupungua. Ua limejaa London na New York, na kwao linakaribia kuisha. Wangapi wetu tunalijua? Tunalikanyaga, kama wale mabwana wa London walivyokanyaga magugu ya Curtis.

Kwa hivyo msomaji, ukiniuliza nimejifunza nini, sitakuambia ufuate pesa, na sitakuambia ufuate moyo. Curtis alifanya kile kilichoombwa, akakifanya kwa mkono wa mtu anayefanya kile anachokipenda. Hakuwadharau walioulizia maua. Hakuwaandikia ovyo ati kwa sababu hawakununua magugu. Na pesa walizompa hazikumsahaulisha alikotoka.

Juzi nilirudi kwa yule mama wa miche. Alikuwa ameketi kwenye debe, anahamisha mche kutoka kopo dogo hadi kubwa. Nilimuuliza ua lile la kivulini linaitwaje, nikitaka kumpa hotuba kuhusu Sultani na Kirk. Kabla sijafungua mdomo, akanishika kidole, akakigusisha kidonge kilichoiva, kikapasuka. Akacheka. Halafu akanieleza kwamba ukitaka lizae matawi mengi, lipunguze kichwa lingali changa, na ile ncha usiitupe, iweke kwenye maji itatoa mizizi. Hayo sikuwa nimeyasoma popote.

Nimeanza kuandika upya maelezo yake yote. Mara hii kila ua litakuwa na jina lake, lilikotoka, na namna ya kulitunza, na ujuzi wa mama utaandikwa kwa jina lake mwenyewe. Analipa kidogo, lakini analipa. Na Jumamosi asubuhi, viatu vikikubali, utanipata kinamasini. Sehemu ya nne ya ndege inakuja. Hata mkiwa watu kumi.